Kura ya Somo la Hesabu

Mjukuu wangu Rhoda alikuwa ameshamuuliza kila mtu. Alimuuliza baba yake, akamuuliza shangazi yake, akawauliza wasichana anaosoma nao chuoni, na Jumamosi asubuhi nilimkuta uani akimuuliza yule bwana anayetuletea chakula cha kuku. Yule bwana aliweka gunia chini, akafikiri, akasema yeye angechukua aljebra, kwa sababu jina hilo angalau amewahi kulisikia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Pale chuo kikuu cha mjini, hata kama unasomea kufundisha watoto wadogo, hata kama unasomea kupiga kinanda, hawakuachii uhitimu mpaka upite somo moja la hesabu. Si lazima liwe la wataalamu. Yapo masomo waliyoyatenga kwa ajili ya watu wasiopenda hesabu, na mtu anachagua mojawapo. Rhoda alikuwa amemaliza mengine yote. Alibakiza hilo na muhula mmoja. Mara mbili alichukua aljebra, na mara mbili akafeli. Akifeli hesabu mara ya tatu, kitivo cha ualimu kinamtoa. Na kwenye shule ya msingi ya Barabara ya Kinu, alikokuwa akienda kusaidia, mwalimu mkuu alishamwambia darasa la kwanza ni lake kuanzia Agosti, mradi aje na cheti.

Kwa hiyo masomo yalikuwa matatu, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. La kwanza ni aljebra tena, ambayo mshauri wake angemruhusu akiomba kwa adabu. La pili ni takwimu. La tatu linaitwa Hesabu kwa Kila Mtu, na watu wote walisema ndilo rahisi.

"Basi si uchukue hilo rahisi," nilimwambia.

"Bibi, aljebra nayo waliniambia ni rahisi."

Mimi nilisoma hadi darasa la nane, kama watu wote wa rika langu katika kanisa letu huku Pennsylvania, kisha nikarudi nyumbani kukamua ng'ombe. Najua kusoma Biblia kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, na najua kugawa pai moja kwa watu saba bila mtu kununa. Kwa habari ya aljebra sina ushahidi.

Rhoda anaishi nami kwenye nyumba ndogo iliyoungana na nyumba ya baba yake, tangu mume wangu Enos alipofariki, ili nisiwe peke yangu. Kwa hiyo namwona. Mtu mwenye hofu hupanga vitu. Wiki ile alipanga mitungi yangu ya viungo kwa rangi, halafu kwa urefu, halafu akairudisha ilivyokuwa. Nilikuwa natafuta mdalasini tu.

Jumapili baada ya ibada nilipika mimi. Mke wa mwanangu Titus alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, na Titus akiachwa peke yake hula mkate na haradali. Tulikuwa wanne mezani: Titus, ambaye ndiye baba yake Rhoda, binti yangu Verna, anayekaa ng'ambo ya barabara na kushona, Rhoda, na mimi. Kulikuwa na kuku, tambi, viazi vya kuponda, na mayai yaliyolowekwa kwenye siki ya bitiruti.

Rhoda alianza tena. "Shangazi, hivi wewe ungekuwa mimi—"

"Ningekuwa wewe ningekula," Verna akasema. "Viazi vinapoa."

Titus akacheka. "Huyu mtoto tangu Krismasi anazunguka na swali moja. Kanisa zima likitafuta mhubiri halichukui muda wote huo."

"Kanisa lina kura," Verna akasema.

"Basi tupige kura."

Kwetu mhubiri hasomei uhubiri. Akihitajika, waumini hutaja majina ya wanaume wanaowaona wanafaa. Vinawekwa mezani vitabu vya nyimbo, idadi sawa na hayo majina, vyote vya sura moja, kila kimoja kimefungwa kwa mpira. Ndani ya kimoja kuna kikaratasi. Wanaume wanainuka mmoja mmoja, kila mtu anachukua kitabu chake, na askofu anavifungua. Mwenye kikaratasi ni mhubiri mpaka siku atakayozikwa. Hakuna mshahara na hakuna kukataa.

"Kura si mchezo wa baada ya chakula, Titus," nikasema.

"Sichezi, Mama. Mtoto amekwama."

"Amekwama kwenye hesabu. Hajakwama kwenye wito."

Nilidhani yameisha. Lakini Rhoda aliweka uma chini akasema, "Fanya tu, Baba. Angalau itakuwa imeamuliwa."

Nilimtazama usoni. Hakuwa na mzaha hata kidogo, nikawaacha.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba masomo hayana mikono ya kuchukulia vitabu. Titus alilitatua haraka, kama anavyotatua mambo yote yasiyomhusu. Kila somo lingepata mtu wa kulisimamia.

"Mimi nitakuwa aljebra," akasema. "Mama takwimu. Verna, wewe Hesabu kwa Kila Mtu."

"Kwa nini mimi ndiye Kila Mtu?"

"Kwa sababu kila mtu anajua habari zako."

"Na wewe ni aljebra kwa sababu hakuna anayekuelewa."

Vitabu vya nyimbo vinavyofanana nyumbani kwangu viko vitatu. Rhoda aliingia navyo stoo, akatia kikaratasi katika kimoja, akavichanganya akiwa amefumba macho, akavifunga mipira ileile ninayofungia mafungu ya vitunguu, akaja kuvipanga mezani kati ya siagi na bitiruti. Niliiondoa ile bitiruti.

Tulichukua kwa umri. Mimi nilichukua cha katikati, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Titus akachukua cha kushoto. Verna alikuwa ameinuka kuepua mchuzi uliokuwa ukishika chini, akarudi na mwiko mkononi, akachukua kilichobaki.

Rhoda alifungua changu. Hakuna. Akafungua cha Titus. Hakuna. Hakufungua cha Verna. Aliegemea kiti akasema, "Kila Mtu."

"Kifungue," nikasema. "Kura inafunguliwa."

Akakifungua. Kikaratasi kilikuwa ndani.

"Yaani sawasawa na marehemu Baba," Titus akasema. "Anayechelewa anabakiziwa."

"Sikuchelewa," Verna akasema. "Mchuzi ulikuwa unaungua."

"Baba naye alikuwa na sababu."

Hadithi hiyo ni ya nyumbani kwetu. Siku Enos alipotajwa, wanaume walikuwa saba. Waliambiwa wainuke. Mzee aliyekaa kando ya Enos aliangusha fimbo yake, Enos akainama kuiokota, na Enos hakuwa mtu wa kuinama haraka. Alipofika mezani vitabu sita vilikuwa vimeshachukuliwa. Alichukua cha saba, na kikaratasi kilikuwamo. Alikuwa mtu wa ng'ombe, hasemi maneno kumi mpaka jioni. Alihubiri maisha yake yote akitazama kizingiti cha dirisha. Kaka yake Clayton hakukosa kulisema hilo kila ukoo ulipokusanyika: "Enos, ungeinuka mapema ungebaki na ng'ombe wako." Watu wanacheka, na Enos anacheka nao. Lakini Jumapili asubuhi, akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, nilikuwa namsikia akisema polepole, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Ningeinuka mapema."

Rhoda alikuwa akikizungusha kile kikaratasi kidoleni. "Kwa hiyo ni ipi, Baba? Ni Bwana amechagua, au ni mchuzi?"

Titus alijimegea mkate.

"Maana kama ni Bwana, nalichukua hilo somo na sisemi neno," Rhoda akaendelea. "Lakini kama Shangazi amepata kwa sababu alikuwa wa mwisho, basi hapa hakuna aliyechagua chochote."

"Kula," Verna akasema.

Jumatatu Rhoda alipanda basi kwenda chuoni kujiandikisha Hesabu kwa Kila Mtu. Alirudi mapema. Nilikuwa bandani kwa kuku na nikamwona anashuka kilima na mkoba wake ameukumbatia kifuani, nikajua.

"Limejaa," akasema. "Limejaa tangu wiki iliyopita. Bi. Santangelo ameniweka kwenye foleni ya wanaosubiri, na wenzangu mbele yangu ni wengi. Ameniambia nichague kati ya haya mawili yaliyobaki."

Bi. Santangelo ndiye mshauri wake wa masomo, mama mmoja mpole ambaye Rhoda anasema ana kikombe kilichoandikwa usijali.

Titus alipoambiwa alivua kofia. "Kura haiwezi kuangukia mahali palipojaa."

"Imeangukia," nikasema.

"Basi Bwana alijua patapata nafasi."

"Au alijua hatukumuuliza yeye," nikasema. "Tuliuliza kati ya siagi na bitiruti."

Jumanne Askofu Ammon alikuja kurudisha ngazi aliyoazima kwa Titus. Ngazi ilikuwa ya Titus, lakini pai ilikuwa kwangu, kwa hiyo alikuja kwangu kwanza. Ni pai ya molasi, anaipenda ikiwa na unyevunyevu chini. Nilimkatia, nikamweleza yote, na Rhoda alikaa mwisho wa meza mikono mapajani kama aliyeitwa shuleni kwa kosa.

Askofu alitafuna mpaka akamaliza. "Mlifunga siku moja kabla?"

"Hatukufunga."

"Mliomba?"

"Tulishukuru chakula."

"Masomo hayo yalitajwa na waumini?"

"Yalitajwa na chuo."

Akapangusa ndevu. "Hiyo haikuwa kura. Huo ulikuwa mkusanyiko wa vitabu." Akaigeukia pai iliyobaki, nami nikamkatia kipande kingine.

Rhoda akakohoa kidogo. "Askofu, naomba nikuulize. Ni kweli anayechukua wa mwisho ndiye huwa anapata?"

Askofu Ammon aliweka uma chini. Nilikumbuka kwamba naye alikuwa mmoja wa wale saba. Tena alikuwa wa kwanza kufika mezani. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye miguu mirefu.

"Siku ya babu yako mimi niliwahi," akasema. "Niliinuka kabla askofu hajamaliza sentensi. Nilitoka pale nimepona, na nilikaa muda mrefu nikiamini miguu yangu ndiyo iliyoniponya."

"Na baadaye?"

"Baadaye tulihitaji mhubiri tena. Nikawahi tena. Nilichukua cha kwanza kabisa, na kikaratasi kilikuwamo." Akainua kisahani akanywa kahawa iliyomwagikia humo. "Tangu hapo sina maoni juu ya jambo hilo."

Alipoondoka aliisahau ngazi mlangoni kwangu.

Nadhani ni maneno yale yaliyomkaa Rhoda. Jumatano mchana, nilipokuwa nimemaliza kupiga pasi, aliingia jikoni akavitoa rafuni vitabu vyangu vitatu vya nyimbo.

"Vinakwenda wapi?"

"Nataka kujaribu kitu, Bibi. Nataka tupige ile kura tena. Tena na tena, mpaka nione."

"Kwa vitabu vya nyimbo, hapana."

Akavirudisha bila kubisha. Alichukua vikombe vitatu vya bati na maharage makavu yaliyobaki mfukoni, akamwita Verna kutoka ng'ambo. Anafunika haragwe chini ya kikombe kimoja sisi tukiwa tumegeuka, halafu tunachagua kwa zamu: mimi kwanza, yeye wa pili, Verna mwisho.

"Lakini wewe ndiye unayeficha," Verna akasema. "Utajuaje hujui?"

Rhoda akakiri hiyo ni kweli. Tukamwekea kitambaa cha vyombo machoni, akawa anavizungusha vikombe kwenye meza mpaka yeye mwenyewe hajui haragwe liko wapi. Pembeni aliweka mitungi mitatu mitupu ya jamu, ya kioo. Akipata wa kwanza, haragwe linaingia mtungi wa kwanza. Akipata wa pili, la pili. Akipata wa mwisho, la tatu.

Sikupenda mwanzoni. Ilifanana mno na vile wanavyofanya watu kwenye maonyesho ya mifugo, yule jamaa mwenye meza ya kukunja. Lakini hapakuwa na kitu cha kushinda, na mikono yangu ilikuwa haina kazi. Tuliendelea. Verna alilalamika kwamba amechoka kuwa wa mwisho. Rhoda akamwambia wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote. Verna akasema hajawahi kusikia mtu akisema hivyo nje ya kanisa.

Tuliendelea mpaka maharage yakaisha. Rhoda alivua kitambaa, akaisogeza mitungi ikakaa pamoja dirishani, tukainama sote watatu tukaitazama kwa ubavu. Maharage yalikuwa yamefika karibu kimo kimoja. Kwenye ule wa mwisho yalikuwa chini kidogo, kwa unene wa haragwe.

"Kwa hiyo mimi sikukosa lolote," Verna akasema.

"Hukukosa, Shangazi."

"Mwambie baba yako."

Verna alirudi kwake kwenda kuanua nguo. Rhoda alibaki amesimama dirishani. Nilidhani ameridhika, kumbe bado alikuwa anatafuna jambo.

"Sielewi, Bibi. Wa mwisho hana hiari. Anachukua kilichobaki. Wa kwanza anachagua."

"Anachagua haoni," nikasema.

Nilisema vile kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo nilivyochagua mimi mchana wote. Rhoda aligeuka, akavuta kiti akakaa. Alianza kusema polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa mawe.

"Haragwe lilishakaa mahali pake kabla mtu hajanyoosha mkono. Sio kwamba linakimbilia kwa wa mwisho. Mara nyingi kabla hatujafika kwa Shangazi limeshachukuliwa, na yeye hapati kitu. Hizo hatuzihesabu. Tunakumbuka zile alizobakiziwa." Akahesabu kwa vidole. "Wa kwanza ni moja katika tatu. Na wa mwisho ni moja katika tatu. Kila mtu ni sawa."

Niliendelea kukunja nguo nilizopiga pasi.

"Na kama wako saba," nikasema.

"Moja katika saba."

"Wa saba?"

"Moja katika saba, Bibi."

"Na kama angeinuka wa kwanza?"

Hapo akaelewa tunamzungumzia nani. "Ingekuwa vilevile."

"Wa pili?"

"Vilevile."

"Wa tatu?"

Hakuniambia kwamba ameshanijibu. Nilimuuliza nafasi zote mpaka ya sita, na kila moja alinijibu upya, kana kwamba ndiyo kwanza naiuliza. Kisha niliinuka kwenda kuangalia tanuri, ambalo halikuwa na kitu ndani, na nikasimama hapo kidogo mgongo wangu ukiwa kwake.

Alhamisi asubuhi Rhoda alimpigia simu Bi. Santangelo. Simu yake inashika mtandao vizuri karibu na uzio wa malisho, kwa hiyo maongezi yake mengi husikilizwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa naanika mashuka.

"Samahani, nataka kujua takwimu wanafundisha nini hasa," alisema. Akasikiliza. "Bahati? Yaani kama, kitu kikiwa kimefichwa, na watu wanachukua kwa zamu?" Akasikiliza tena. "Hapana, sijawahi kulisoma. Tulilifanya jana na bibi yangu."

Alikuja kwangu na mashavu yana rangi. Alisema ameamua. Angechukua takwimu. Nikasema vyema, nikampa upande wa pili wa shuka tulivute.

Mchana wa siku hiyohiyo Bi. Santangelo alipiga yeye. Wanafunzi kadhaa walikuwa wamehama, na foleni imesogea. Hesabu kwa Kila Mtu lina nafasi moja, na nafasi hiyo imemfikia Rhoda. Wanamshikia hadi kesho saa sita.

Titus alikuja kwangu bila hata kuvua buti za zizini. "Nilisema nini mimi? Nilisema patapata nafasi. Sasa huna pa kukimbilia, binti. Kura imesema, mlango umefunguka, na tena ndilo rahisi. Unataka nini zaidi, tarumbeta?"

"Askofu alisema haikuwa kura," Rhoda akasema.

"Askofu alikuwa hajui patapata nafasi."

"Baba, nikifeli mara hii wananitoa."

"Ndiyo maana nakwambia chukua rahisi."

Rhoda alikaa. Ile rangi ya asubuhi ilikuwa imemtoka. Mkono wake ulienda kwenye mitungi ya viungo, nikajua tunarudi tulikotoka. Nikavuta kiti.

Sikuwa na mazoea ya kuingilia kati ya mtoto na baba yake. Lakini Titus ni mwanangu kabla hajawa baba wa mtu.

"Babu yako alitii kura," nilimwambia Rhoda. "Alitii kwa sababu kanisa zima lilikuwa limefunga na kuomba na kumtaja kwa jina. Wewe umetajwa na baba yako akiwa na mchuzi kidevuni. Hufungwi na lolote."

"Mama," Titus akasema.

"Vua buti."

Akatoka kuvua buti. Rhoda alikuwa akinitazama. "Kwa hiyo nichukue takwimu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema hufungwi. Ukitaka Kila Mtu, lichukue kwa sababu unalitaka."

Hakuna kilichonipa taabu kama kunyamaza baada ya hapo. Nilitaka sana kumwambia jambo moja au jingine. Nilimenya tufaha.

Ijumaa aliamka kabla yangu. Alikunywa chai amesimama, akaenda uzioni na simu. Nilimwona kupitia dirisha ameinamisha kichwa, nisijue anaomba au anabonyeza. Aliporudi jua lilikuwa bado halijapanda.

"Nimechukua takwimu," akasema. "Ile nafasi nimewaachia."

"Haya."

"Bibi, kwenye aljebra nilikaa mihula miwili na sikuwahi kujua kitu kimoja. Kitu kimoja tu, ambacho mtu akinitikisa usingizini nikiseme. Hesabu kwa Kila Mtu watu wanasema ni rahisi, lakini ni watu ndio wanaosema. Kwenye takwimu kuna kitu kimoja nakijua."

"Kimoja ni kichache," Titus akasema kutoka mlangoni. Safari hii alikuwa na soksi tu.

"Ndiyo, Baba. Ni kichache."

Haikuwa rahisi. Sitaki mtu adhani baada ya maharage mambo yalinyooka. Wiki ya pili walishaacha bahati wakaingia mambo ya mistari iliyopinda, na Rhoda akarudi nyumbani na uso wa aljebra. Katikati ya muhula alipata alama ambayo alinionyesha kwa kuiweka kifudifudi mezani. Alianza kwenda kumwona profesa wake kila Jumanne, mtu mmoja mrefu anayekula karoti mbichi huku akieleza. Alimweleza juu ya vitabu vya nyimbo, na profesa akamtaka asimulie mara mbili, halafu akauliza kama na sisi wanawake tunapiga kura hiyo. Rhoda akamwambia hapana, ila mara moja, kwa bahati mbaya.

Tulirudi kwenye vikombe mara nyingi. Nilikuwa siyajui anayoyatafuta, lakini naweza kuchagua kikombe bila kuona kama mtu mwingine yeyote, na nilikuwapo. Kila asubuhi nilimtaja katika maombi, yeye na profesa wote wawili, kwa kuwa nilimwona profesa naye ana kazi.

Mwezi wa Mei matokeo yalitoka. Alisimama uzioni muda mrefu kuliko kawaida, ng'ombe wakamzunguka. Alikuja akaniambia amepita, kwa alama ya C.

"C ni ya tatu," Titus akasema.

"Inapita," Rhoda akasema.

"Basi imepita," Titus akasema, akatoka nje, na nikamwona amesimama nyuma ya ghala anapenga kamasi kwa kishindo.

Julai ukoo ulikusanyika kwetu kama kila mwaka. Clayton sasa ni mzee sana, analetwa na kiti cha magurudumu, lakini sauti bado anayo. Walipomtaja marehemu Enos kwenye maombi ya chakula, Clayton alisubiri amina, kisha akasema kwa meza nzima, "Masikini Enos. Angeinuka mapema angebaki na ng'ombe wake."

Watu wakaanza kucheka kama walivyozoea.

"Ingekuwa vilevile, Clayton," nikasema. "Moja katika saba. Wa kwanza na wa mwisho."

Akaweka mkono sikioni. "Nani kasema?"

"Rhoda kalisomea. Na Ammon kalijaribu."

Askofu Ammon, upande wa pili wa meza, aliendelea kupaka siagi mkate wake. "Nimelijaribu," akasema.

Clayton aliwaza. Baadaye aliomba apelekewe kabichi.

Agosti Rhoda alipewa darasa lake la kwanza. Amenieleza kwamba kila asubuhi kuna mtoto mmoja wa kugonga kengele, na anawachagua kwa kofia yenye vikaratasi, kimoja kina alama, wanachukua kwa zamu. Wote wanagombania kuwa wa kwanza. Wanasukumana, wengine wanalia. Amewaambia haina tofauti ukichukua mwanzo au mwisho. Amewaonyesha kwa maharage.

"Wanakubali?" nikamuuliza.

"Hawakubali hata kidogo," akasema, akasogeza mtungi wa mdalasini uliokuwa umekaa vibaya. "Ila kuna mmoja ameanza kuwapisha wenzake."